Meno Manne ya Ella

Buzebazeba, Ujiji
9 Februari 1997

Mdogo wangu Anésie,

Amahoro. Kabla hujauliza, wote tupo, na mimi nipo kuliko wote. Wifi yako Melania anakusalimu, goti linamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Naandika Kiswahili makusudi: barua ikifunguliwa kwenye kizuizi cha barabara, wasome wenyewe, wacheke, waifunge, kuliko watafute mkalimani ikae wiki tatu mezani.

Sasa sikiliza bahati ya kaka yako. Kutoka hapa Buzebazeba mpaka Rusimbi hajazaliwa mtu mwenye bahati kama yangu, na nikisema hivyo sijisifu, natoa taarifa. Uliponiachia mwanao Ella mwezi wa kumi na moja, siku mlipopakiwa kwenye lori la kambi ya wakimbizi na yeye ana homa, uliniambia neno moja: umtazame. Nimemtazama. Mtoto alianza kuvimba shavu la kushoto. Mtu mwingine angesema ni jino. Mimi ni fundi karabai, nusu ya wavuvi wa Katonga wanavua dagaa kwa taa zilizopita mikononi mwangu, na fundi karabai hatazami kioo, anatazama ndani. Nikawasha taa mchana kweupe, nikamwambia mtoto fungua mdomo, nikatazama mara moja tu, nikasema: hili si jino. Nikampakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ya mjini.

Daktari anaitwa Leodgar, kijana wa Mbinga aliyehamishiwa huku, mpole, mwembamba kama ufito. Akampima, akampiga picha, akaniambia: "Mzee, hii ni saratani ya taya, ile inayowapata watoto. Tumeshukuru umemleta. Umesomea wapi?" Nikamwambia Rumonge, darasa la nne, nikaacha kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Anésie, usilie. Neno saratani linatisha kuliko hii yenyewe. Hii ina dawa. Sindano sita, kila baada ya wiki tatu hivi, dawa inakuja kwa treni. Ya kwanza amechomwa Ijumaa. Alitapika, akalala, akaamka akaomba ugali wa muhogo. Mtu anayeomba ugali wa muhogo hana mpango wa kufa.

Kaka yako mwenye bahati,
Sindayigaya

*

Kambini, Kasulu
3 Machi 1997

Musaza wanje,

Shikamoo, kaka yangu. Huku tunaamka. Mdogo wake Ella ameanza kutambaa na anakula udongo. Turubai limetoboka upande wa kichwa, nimehamishia kichwa upande wa miguu. Nimepanda mboga za lenga lenga nyuma ya nyumba, zimeota.

Barua yako nimeletewa na Isaka katekista. Niliisoma mara ya kwanza peke yangu, ya pili nikawasomea wanawake kwenye foleni ya maji, maana walikuwa wameniona nikilia na ilibidi wajue kwa nini. Sasa wanakuita kaka yake Anésie mwenye macho. Nimeomba kibali cha kuja. Wamesema nirudi wiki ijayo. Nitarudi.

Mama mkwe anasema kosa ni langu. Ella alipokuwa mchanga nilikataa akatwe kimeo, na yeye anasema kisichokatwa juu huotea chini. Neno lake huwa linanirudia ninapotwanga.

Kuna jambo nataka kuuliza. Isaka alipita wodini kumwombea mtoto. Anasema Ella alimchekea, na upande wa kushoto kuna pengo la meno manne, mawili juu na mawili chini. Wewe uliniandikia kwamba ulitazama mara moja ukajua si jino. Basi hayo manne yamekwenda wapi?

Mdogo wako,
Anésie

*

Buzebazeba, Ujiji
24 Machi 1997

Mdogo wangu,

Amahoro. Sindano ya tatu imeingia Ijumaa. Shavu limeshuka. Nakwambia limeshuka kama mtungi wa karabai ukilegeza skrubu ya hewa, tena kwa siku, si kwa miezi. Melania alipomwona alikaa chini sakafuni. Mimi nilisimama, maana nilitarajia.

Meno yalilegea, yakaanguka. Ugonjwa huu hulegeza meno, muulize daktari yeyote.

Sasa nikuelimishe, kwa sababu nakaa na Daktari Leodgar kwenye benchi, na nikiuliza anajibu, na mimi nauliza mpaka anaangalia saa. Huu ugonjwa ni mzee kuliko Biblia. Madaktari wa mafarao waliandika habari zake kwenye makaratasi ya matete. Wakaandika mgonjwa wa kwanza, ana jeraha, dawa yake hii. Wa pili, amevunjika, dawa yake hii. Wakafika kwenye uvimbe mgumu wa titi, wakaandika: hauna tiba. Basi. Nikamwambia Daktari, hao angalau walikuwa waaminifu. Mganga wa huku angeomba mbuzi mweusi kwanza.

Wakaja Wayunani. Wakaona mishipa imetanda pembeni ya uvimbe kama miguu, wakauita kaa. Waarabu nao wakauita kaa kwa lugha yao, na ndilo neno letu: saratani. Kaa, Anésie, yule yule wa kwenye mawe ya ziwani tuliyekuwa tukimkimbiza Rumonge. Ukimvuta anakaza.

Kisha akatokea bingwa mmoja akasema unatokana na nyongo nyeusi. Hakuna aliyewahi kuiona hiyo nyongo. Lakini bingwa amesema, basi watu wakakubali kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu, wakitolewa damu na kuharishwa ili nyongo itoke. Miaka elfu na mia tatu hakuna aliyesema, jamani, hebu tuonyesheni chupa moja.

Na waliokata, walikata bila dawa ya usingizi. Mgonjwa alikuwa anashikwa. Wawili miguu, mmoja mikono, mmoja kichwa. Hapo nilimwambia Daktari inatosha kwa leo, nina taa za watu.

Ella anasema nikusalimie. Anajua majina ya wauguzi wote na nani anachoma bila kuumiza. Anayempenda ni Aikande, Mpare, mkali kama pilipili.

Kaka yako,
Sindayigaya

*

Kambini, Kasulu
20 Aprili 1997

Musaza wanje,

Shikamoo. Pole na kazi, pole na mvua. Huku choo cha mstari wetu kimebomoka. Mtoto ametoka meno mawili ya mbele, anauma kila kitu.

Kibali bado. Nimekwenda mara tano. Karani ameanza kuniita shangazi.

Shemeji zangu walikaa kikao Jumapili. Wamesikia mtoto amenyonyoka nywele na kutapika, wakasema dawa inayonyonyoa nywele haiponyi, inaua pole pole, na mtoto aletwe afie kwa baba zake. Mama mkwe alisema ana mtu wa miti shamba huko mtaa wa tatu. Mume wangu, unavyomjua, alitazama miguu yake. Basi nikasimama mimi. Nikasema Ella atamaliza sindano sita. Atakayekwenda Ujiji kumchukua atanikuta nimelala mbele ya lori, na anikanyage akipenda. Mama mkwe hajanisemesha tangu siku hiyo. Nimekwisha kuishika njia hii, nitaifuata mpaka mwisho.

Kwa hiyo usinifiche chochote, maana nasimama juu ya maneno yako. Barua yako ilikuwa na kurasa nne. Mafarao umewapa ukurasa, nyongo umeipa ukurasa, meno ya mwanangu umeyapa mstari mmoja. Nakujua tangu sijaota meno yangu. Jambo likiwa sawa kwako, hulimalizi kulisema.

Meno yalianguka lini, na alikuwepo nani?

Anésie

*

Buzebazeba, Ujiji
8 Mei 1997

Mdogo wangu, simba jike,

Amahoro. Nimewasomea Melania na majirani habari za lori. Mzee Hamdani wa duka la mafuta ya taa amesema mwanamke kama huyo angekuwa kwao angepewa mtaa autawale.

Tulipata msukosuko. Mvua ilikula tuta la reli, treni haikuja, dawa haikuja, sindano ya nne ikachelewa wiki mbili. Nilikwenda stesheni kila siku, mkuu wa stesheni akaniambia, "Mzee, treni haiji kwa kukodolewa macho." Nikamwambia hujui macho yangu. Ikaja. Ya nne imeingia tarehe ishirini na tano. Hivi leo ukimgusa Ella taya huoni kitu. Daktari anagusa mpaka anafumba macho, kama fundi anayesikiliza taa inayovuja, anasema sawa, lakini tunamaliza sita zote. Kaa ukimwachia mguu mmoja anarudi nao.

Nywele ni kweli zimeisha. Ella anasema sasa anafanana na mimi. Jana nilikuwa nasimulia pembeni ya kitanda, akaniambia mimi mjomba wake, "Marume, unaongea mpaka dawa inaogopa kushuka." Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka, ingawa lilikuwa tusi.

Waambie shemeji zako dawa hiyo ilikotoka. Ni binamu ya sumu. Wazungu walipigana kwa gesi, unavuta unaungua mapafu. Katika vita vya pili vya dunia meli moja iliyobeba mabomu ya gesi hiyo ilipigwa ikiwa bandarini Italia. Madaktari walipowapima waliokufa wakaona chembe nyeupe za damu zimekwisha. Na tayari kulikuwa na wenzao Amerika waliokuwa wanajaribu kwa siri: kama sumu hii inaua chembe zinazoongezeka haraka, je, saratani siyo hizo hizo chembe zilizokosa adabu? Basi wakaichukua sumu, wakaifuga. Ndiyo maana nywele zinatoka, kwa sababu nazo zinakua haraka. Dawa haijui kuchagua, inapiga kila anayekimbia.

Na saratani hii ya taya, aliyeifuatilia alikuwa daktari mmoja mpasuaji aliyekuwa Uganda. Aliwaona watoto wamevimba taya, akajiuliza wako wapi wengine. Akanunua gari la mtumba, wakapanda watatu, wakazunguka Afrika wiki kumi wakionyesha picha hospitali hadi hospitali: mmemwona mtoto kama huyu? Kila wanaposikia ndiyo, wanatia alama kwenye ramani. Alama zikafuata joto, mvua na mbu, zikakwepa milima ya baridi. Halafu akajaribu dawa, akaona uvimbe unayeyuka bila kisu. Gari la mtumba na picha, Anésie. Mimi namwelewa mtu huyo. Daktari Leodgar hana hakika kama walifika Kigoma. Mimi nasema walifika, wakatengenezewa taa.

Karatasi imeisha.

Kaka yako,
Sindayigaya

*

Kambini, Kasulu
2 Juni 1997

Musaza wanje,

Shikamoo. Tu wazima. Kibali nimepewa, cha siku saba, kuanzia tarehe ishirini na tatu. Nimekishona ndani ya sketi.

Leo siandiki kwa ajili ya Ella. Jirani yangu Leonia ana mtoto, Tuyizere, miaka mitano. Meno ya nyuma yamelegea upande mmoja na shavu limeanza kujaa. Amekuja fundi wa meno kutoka Katonga, anaitwa Gervasi, alipita mitaa yetu na koleo lake kwenye mfuko wa kaki, amesema atarudi Jumamosi tarehe kumi na nne, baada ya ibada. Amewaambia watu hivi, nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu: "Mnamjua Ella, yule wa Sindayigaya fundi karabai? Meno yake nilitoa mimi. Nilitoa sumu mapema, ndiyo maana sindano zimefanya kazi. Muulizeni mjomba wake kama nasema uongo."

Leonia ananiuliza mimi. Nimemwambia angoje barua yako. Ametandika mkeka mlangoni kwangu, anangoja kweli.

Sikuulizi mara ya tatu kwa ubishi. Jumamosi kuna mtoto atakayekaa mbele ya koleo lile.

Anésie

*

Buzebazeba, Ujiji
9 Juni 1997

Mdogo wangu Anésie,

Amahoro. Sindano ya tano imekwisha kuingia, ya sita ni Ijumaa. Habari za nyumbani leo zinaishia hapo.

Mwambie Leonia asimpeleke Tuyizere kwa Gervasi. Mwambie sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata. Aende zahanati ya kambi leo, asiseme mtoto ana jino. Aseme ameota uvimbe wa taya, meno yamelegea, naogopa saratani. Wakimwambia arudi kesho, akae pale pale. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Daktari Leodgar, amepiga muhuri, ampe daktari wa kambi mkononi. Isaka anaondoka na lori saa nne usiku, ameapa hatalala njiani.

Sasa meno.

Gervasi ana kiti cha chuma pale Katonga, nyuma ya mahali wanapoanika dagaa. Mimi aliniponya gego mwaka juzi, nikamwamini. Ella alipoanza kusema jino linacheza, nilimpeleka mimi. Wiki moja kabla ya Krismasi alitoa mawili. Akasema wadudu wameingia kwenye mizizi, wakitoka shavu litanywea. Halikunywea. Baada ya Mwaka Mpya nikampeleka tena, akatoa mawili mengine. Mara zote mbili aliyemshika kichwa ni mimi. Nilimbana hapa kifuani kwa mikono miwili, nikamwambia mtoto wa watu wetu halii. Hakulia. Mara ya pili damu haikukoma mpaka jioni, na taya likavimba maradufu, jicho likaanza kufunga.

Unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilimfunga kanga ya Melania kuzunguka uso, nikamkalisha nyuma ya benchi yangu ili watu wasimwone, nikaendelea kupiga pampu taa za watu. Siku ishirini na tatu. Kila siku nilijiambia kesho litashuka, na wavuvi wakiuliza nawapa mzaha mwingine.

Hakuna taa iliyowashwa mchana. Aliyemwona ni Aikande. Alikuja kununua migebuka siku ya mapumziko yake, akapita nyuma ya benchi, akainama akafungua ile kanga bila kuomba ruhusa. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ni jino, limeshashughulikiwa." Akaniambia, "Mzee, nyamaza." Akamshika Ella mkono akaondoka naye. Samaki aliowalipia aliwaacha. Mimi nilifuata nyuma nikisukuma baiskeli.

Pale hospitali nilipoulizwa kuhusu meno nikasema yameanguka. Leo asubuhi nimemwambia Daktari Leodgar ukweli. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza tarehe, akaandika, akauliza tena, akaandika. Akasema ugonjwa huu hukua kwa siku, si kwa miezi, na siku ishirini na tatu ni nyingi. Sikumwomba anieleze zaidi. Akasema pia kuvuta meno hakukutoa sumu yoyote, kulifungua jeraha tu, na kimeo hakihusiki kabisa. Hilo la kimeo mpelekee mama mkwe wako. Kosa halikuwa lako siku yoyote.

Nilikwenda kwa Gervasi jana. Si mtu mbaya, usimfanye mtu mbaya. Ni kama wale wa nyongo, anafanya kwa moyo wote. Nilimwambia asije huko Jumamosi. Akanicheka: "Lakini si mtoto amepona? Na mbona hujawahi kusema kitu?" Miezi yote hii kimya changu ndicho kilikuwa cheti chake, amekuwa akitembea nacho kambi nzima.

Na Ella anajua. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia daktari, hata Aikande, hata Isaka. Akasema, "Ulisema tusiseme, mama asihuzunike." Nilikuwa nimesahau kwamba nilisema. Ana miaka sita, amebeba uongo wangu pamoja na sindano tano, na hajautua. Leo nimemwambia autue. Akauliza kama sasa anaruhusiwa kulia. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri, akasema hana haja kwa leo.

Njoo tarehe ishirini na tatu. Ukitaka kunipiga, nipige mbele ya Melania, ameshakuandalia nafasi. Ukitaka kumchukua mtoto akalale kwako na si kwangu, sawa, lakini amalize uchunguzi wa Daktari kwanza. Kwa hilo na mimi nitalala mbele ya lori.

Barua yangu ya kwanza uliisoma kwenye foleni ya maji. Isome na hii, foleni hiyo hiyo, sauti hiyo hiyo, Leonia akiwa mbele. Waambie mimi sikuwa na macho na sikuwa na bahati yoyote. Sikutazama. Nilikudanganya.

Sindayigaya